Kutoka Entebbe hadi Mogadishu: Umbali wa Anga na Muda wa Safari

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Entebbe hadi ule wa Aden Adde, Mogadishu, ni kilomita 1,450 hivi kwa njia ya anga, na ndege ya abiria huzimaliza kwa muda wa karibu saa mbili. Njia hii inajulikana sana Kisenyi, mtaa wa katikati ya Kampala ambako Wasomali wengi wanaishi na kufanya biashara. Uganda Airlines, iliyoanza tena kuruka Agosti 2019, iliiweka Mogadishu miongoni mwa vituo vyake vya kwanza.

Umbali huo unaweza kukokotolewa kwa penseli. Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, kwenye longitudo ya digrii 32.4 mashariki, Mogadishu iko digrii 2 kaskazini na 45.3 mashariki. Viwanja hivyo vimeachana kwa takriban digrii 13, na katika eneo la ikweta kila digrii moja ni kilomita 111 hivi. Hapa rula juu ya ramani ya ukutani haidanganyi.

Kwa safari ya kutoka Entebbe hadi Minneapolis, mji wa Marekani wenye Wasomali wengi, rula hiyo hiyo hupotosha. Ingempitisha msafiri juu ya Mauritania, lakini kwa kuwa dunia ni tufe, njia fupi kuliko zote, ya kilomita 12,700 hivi, hukata Sahara, ikapita kusini mwa Uhispania, ndipo ikaingia Atlantiki.

Muda nao una hesabu yake. Ndege ya aina ya CRJ900, inayotumiwa na Uganda Airlines, ikishatulia angani huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, lakini haiendi kasi hiyo tangu mwanzo. Kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda, kisha kushuka na kupanga foleni ya kutua. Dakika hizo hazipungui sana hata safari ikiwa fupi, ndiyo maana safari fupi huwa na wastani mdogo wa kasi.

Kinachokula muda hasa ni kituo cha katikati. Kupitia Nairobi huongeza kilomita 75 tu hivi, ambazo ndege huzipita kwa dakika chache. Lakini abiria atashuka, atakaguliwa, atangoja ndege nyingine, na saa mbili zinaweza kugeuka nusu siku. Kupitia Addis Ababa jumla hufika karibu kilomita 2,280, yaani mzunguko halisi. Mwenye kulinganisha bei za tiketi afadhali atazame kwanza saa za kungoja, kisha aongeze barabara: Kisenyi hadi Entebbe ni kama kilomita 40, na foleni ya magari ya Kampala haina ratiba.

Saa ya mkononi haiguswi, maana Uganda na Somalia zinatumia saa moja. Jua ndilo lisilofuata mpango huo. Kwa tofauti ya digrii 13, Mogadishu huingia magharibi kama dakika 50 kabla ya Kampala, na aliyepanda ndege Entebbe akiwa amefunga atafuturu mapema kuliko nduguze waliobaki Kisenyi.