Utasa Uliokanushwa: Kisa cha Nambari 147,573,952,589,676,412,927

Nambari iliyotajwa katika anwani ya makala hii ina tarakimu 21. Hupatikana kwa kuandika 2 mara 67, kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa 1. Kwa zaidi ya karne mbili ilihesabiwa miongoni mwa nambari tasa.

Nambari tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mathalani 7, 13 na 31. 15 si tasa kwa kuwa ni 3 mara 5. Istilahi hii ina kinaya. Tasa, katika matumizi ya kawaida, ni kiumbe asiyezaa, ilhali nambari tasa ndizo wazazi: kila nambari nzima iliyozidi 1 ama ni tasa ama ni zao la kuzidisha nambari tasa. Hivyo basi, kilichokosekana kwazo ni wazazi wala si watoto.

Mnamo 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya nambari za aina hii alizozidai kuwa tasa, ile ya 2 mara 67 ikiwemo. Dai hilo halikuwa la kipuuzi. Idadi ya 2 zinazozidishwa isipokuwa tasa, matokeo nayo hayawi tasa. Na 67 ni tasa. Hata hivyo, sharti hilo pekee halitoshi. 11 ni tasa, lakini kuzidisha pamoja 2 zilizoandikwa mara 11, kisha kutoa 1, hutupa 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Mnamo 1876, Édouard Lucas alithibitisha kwamba nambari ya Mersenne si tasa, bila ya kutaja kigawo chake hata kimoja. Ilijulikana kuwa ina wazazi. Majina yao hayakujulikana. Oktoba 1903, jijini New York, Mmarekani Frank Nelson Cole aliyafichua mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alizidisha ubaoni 193,707,721 kwa 761,838,257,287, jibu likawa nambari ile ile, akarudi kuketi.

Kuzidisha huko ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kalamu, bali kuvisaka vigawo kulimgharimu Cole muda mrefu. Juu ya tofauti hiyo baina ya kuzidisha na kusaka vigawo ndipo ulipojengwa, mnamo 1977, mfumo wa RSA wa kuficha ujumbe, kwa nambari kubwa mno kuliko hii.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Kisa hiki kimesimuliwa kwa kuzidisha, kugawa, baki, kigawo na tasa, maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anayo tayari. Aidha, kinamkumbusha kwamba jina kubwa la msemaji si ithibati. Mersenne aliheshimiwa, na orodha yake ilikuwa na makosa matano.