Mwangalie Anapoinuka

Biashara yangu ni kibanda cha gemu Tandika, Dar es Salaam: runinga tatu, pleisteshen tatu, mabenchi, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Wazazi wa mtaani huniona kama muuza gongo. Mama akija kumsaka mwanawe, hata salamu anaisahau: "Hivi kaka, haya madude si yanawaharibu watoto akili?" Humjibu kuwa inategemea ni gemu ipi, na mtoto anainukaje inapoisha.

Akili zenyewe zimepimwa. Mwaka 2003, Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwachezesha gemu ya vita watu wasio na mazoea ya gemu, saa moja kwa siku, kwa siku 10. Wengine walipewa Tetris, ile ya kupanga matofali. Waliocheza vita ndio walioibuka na jicho jepesi: walinasa vitu vingi kwa mara moja bila kuzugwa na vurugu za pembeni. Wazee nao wamo. Mwaka 2013, timu ya mtafiti Adam Gazzaley, San Francisco, iliwapa watu wa miaka 60 hadi 85 gemu ya kuendesha gari huku wakisaka alama fulani. Baada ya mwezi wa mazoezi, waliweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja vizuri kuliko vijana wa miaka 20 wasiofanya mazoezi, na miezi 6 baadaye faida ilikuwa haijafutika. Ila jicho jepesi si hesabu. Hakuna mechi ya hapa kwangu itakayomfundisha mtoto kujumlisha sehemu.

Na ukatili? Utafiti wa Oxford wa mwaka 2019, kwa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, haukuona uhusiano kati ya gemu za kikatili na ugomvi wao. Ngumi ninazoamulia mimi chanzo chake ni zamu.

Kinachonitia hofu ni utamu. Mwaka 1998, wanasayansi wa London walipiga picha ubongo wa wanaume 8 wakicheza gemu ya vifaru, wakaona dopamini ikimwagika. Hiyo ni kemikali inayotusukuma kutamani jambo na kulirudia. Hata chakula kitamu huiamsha. Kwa hiyo yenyewe si sumu. Kibandani kwangu utamu huo una mpaka: kipenga cha mwisho kikilia, unalipia mechi nyingine au unampisha mwenzako. Kwenye simu hakuna kipenga. Hatua moja huzaa nyingine, kuna zawadi ya kila siku, na kuna visanduku vya bahati unavyonunua bila kujua kilichomo. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kuwa baadhi ya visanduku hivyo ni kamari. Mtoto anayelala na simu ndani ya shuka huibiwa usingizi kwanza, na darasani kesho yake anafika mwili tu.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata madhara yakionekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Wachezaji wengi hawafiki huko, lakini wanaofika si watoto tu. Nina mteja dereva wa bodaboda, baba wa familia, ambaye abiria humwita nje mpaka wakachoka na kupanda pikipiki nyingine.

Basi mzazi, usimnyang'anye mtoto pedi ya gemu katikati ya mechi. Mwambie amalize kisha aje. Akinung'unika lakini akaja, akala, akalala, mwache. Asipoweza kuja siku hadi siku, hapo una kazi, na viboko havitaifanya. Jioni hiyohiyo mwombe mwenzi wako akupime na wewe, simu ikiwa mkononi.