Je, Wajua? Jani Kavu Lina Pacha Ng'ambo

Jani lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi si pambo wala takataka ya kale. Ndani ya hebaria ya chuo kikuu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, jani hilo ni ushahidi: lebo yake inataja mahali lilipochumwa, tarehe, mchumaji na namba. Lebo ikipotea, hata sampuli iwe nzuri namna gani haimfai mtafiti.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni desturi ya pacha. Mtaalamu wa mimea akifika kwenye mti hakati tawi moja. Hukata vitawi kadhaa vya mti uleule, vyenye maua au matunda, akavibana katikati ya magazeti, akavikausha na kuvipa vyote namba moja. Kimoja hubaki Dar es Salaam, kingine huenda Nairobi, kingine bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza. Vyuo na makumbusho hubadilishana hivyo, mkono kwa mkono.

Faida ya desturi hii ilidhihirika Machi 1943. Mimea mingi iliyochumwa nchini kwetu enzi za Wajerumani ilikuwa imehifadhiwa Berlin, zikiwemo sampuli za msingi, zile ambazo jina la kisayansi hufungamana nazo na ndizo huamua ubishi ukizuka. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria hiyo, iliyokuwa na sampuli karibu milioni 4. Majina mengi yaliokolewa na pacha zilizokwisha kutawanywa, nyingine zikiwa Amani, Tanga, katika mkusanyo ulioanza mwaka 1902 na ambao baadaye ulihamishiwa Nairobi.

Sampuli za zamani husaidia pia kuutambua mmea uliodhaniwa kupotea. Erythrina schliebenii, mti wa maua mekundu na shina lenye miiba mikali, ulitangazwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta kwenye misitu ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Ugunduzi wa namna hiyo huthibitishwa kwa kulinganisha na sampuli za zamani. Zisipokuwepo, huo ni mti wa miiba tu.

Inasikitisha, basi, kuona hebaria zikihesabiwa kuwa mzigo. Mwaka 2024 hata Duke, chuo tajiri cha Marekani, kilitangaza kufunga yake yenye sampuli zaidi ya 800,000. Vyuo vyetu visiige. Paa likivuja, au friza ya kuulia wadudu ikikosa umeme, kinacholiwa ni msitu ambao huenda umeshafyekwa, na hautachumwa tena.

Matumizi mengine ya hebaria: kumfundisha mwanafunzi kutambua mimea, kumtajia mfugaji jani lililoua ng'ombe wake, kumhakikishia mtafiti wa dawa za asili jina la mzizi alionao, kuchora ramani za misitu ya kulindwa, kupata vinasaba, kufuatilia mabadiliko ya misimu ya maua, kupokea wanafunzi wa shule.