Lori lisilo na dereva bado liko mbali na Kitonga

Wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa wanaopeleka viazi, mbao na nyanya Dar es Salaam wasitegemee kwamba lori linalojiendesha litawapunguzia gharama za usafirishaji hivi karibuni. Teknolojia hiyo ipo, lakini imeanzia kwenye barabara zisizofanana na ya Tanzam.

Nchini Marekani, kampuni ya Aurora ilianza Aprili 2025 kusafirisha mizigo kwa lori lisilo na mtu kwenye usukani kati ya Dallas na Houston, umbali wa kilomita 380 hivi. Lori hilo huona kwa kamera, rada na miale ya leza, na kompyuta ndiyo huamua lini breki ikanyagwe. Hata hivyo, mwezi uliofuata watengenezaji wa lori hilo waliomba mtu arudishwe kitini, naye akarudishwa, ingawa si kwa kuendesha.

Barabara ile ni tambarare na kila upande una njia zake. Kitonga, mkoani Iringa, ni mlima wa kona kali kandokando ya korongo. Lori moja likiharibika, foleni hujaa juu na chini. Mbeya nako upo mteremko wa Iwambi, ambako magari yaliyokatikiwa breki yamekwishaleta maafa. Dereva mzoefu anajua gia ya kushukia, na akiona matawi yametandazwa barabarani anaelewa kuwa mbele kuna gari bovu. Kompyuta ya Texas haijafundishwa hayo.

Kilichotangulia kufika huku ni vifaa vya kumchunga dereva. Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo unaoipa LATRA taarifa za mwendo wake, na umuhimu wake umeongezeka tangu safari za usiku ziliporuhusiwa tena mwaka 2023. Mizigo ya transiti nayo hufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA.

Kwa mwenye lori moja au mawili, faida ya karibu iko hapo: kujua gari liko wapi, limesimama muda gani na mafuta yanaishia wapi. Nyanya za Ilula zikilala njiani, bei yake hushuka kabla hazijafika sokoni. Kifaa cha ufuatiliaji na matengenezo ya breki kwa wakati ni matumizi yanayolinda mtaji.

La kuangalia mbele ni upanuzi wa njia nne, kilomita 29, kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Magari yanayojiendesha yakija, yatahitaji kwanza barabara za namna hiyo. Hadi hapo, dereva aliyelala vya kutosha ndiye bima ya kwanza ya mzigo.