Wiki Nane Ugenini: Wanandoa Vijana na Tiba ya Mionzi Dar es Salaam

Barua ya rufaa hueleza mengi kuhusu mgonjwa: umri wake, ukubwa wa uvimbe, majibu ya kipande cha nyama kilichopelekwa maabara, wingi wa damu, hali ya figo. Ni nadra kukuta imeandikwa atafikia kwa nani. Kwa mgonjwa atakayelazwa siku 3 na kurudi kwake, upungufu huo hausumbui sana. Kwa mwanamke anayetumwa Dar es Salaam kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi, swali la mahali pa kufikia lina uzito unaokaribia ule wa ukubwa wa uvimbe. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache kila siku. Saa zote zilizobaki mgonjwa anaishi mjini, katika chumba cha watu, akila na kuoga na kusafiri kama mkazi, ilhali si mkazi.

Tiba hii hutolewa katika vituo vichache nchini. Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo kongwe, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo huitoa. Kwa kawaida mgonjwa hupewa mionzi ya nje siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, pamoja na dripu ya sisplatini mara 1 kwa wiki iwapo figo na damu yake vinaruhusu, kisha mionzi ya ndani mara kadhaa. Yote hayo yanapaswa kukamilika ndani ya wiki 8, yaani siku 56. Muda huo haukupangwa kwa urahisi wa hospitali. Chembe za saratani zilizonusurika katika wiki za mwanzo huanza kuzaliana kwa kasi zaidi kadiri tiba inavyosogea. Mkulima aliyepalilia nusu ya shamba, akakaa wiki mbili ndipo arudi kumalizia, anajua atakachokikuta.

Wanandoa ninaowaeleza hapa wameridhia habari zao zisomwe na wengine, nami nimebadilisha baadhi ya mambo ili wasitambulike. Mke ana miaka 31, mume 34, wakulima wa viazi kutoka Makete, mkoani Njombe, na wana binti wa miaka 5 ambaye walimwacha kwa bibi yake. Mke alikuwa akitokwa damu kila baada ya tendo la ndoa kwa muda wa karibu mwaka mzima, akidhani ni matokeo ya njia ya uzazi wa mpango aliyokuwa akiitumia. Uvimbe ulipogunduliwa ulikuwa umeshavuka hatua ya kufanyiwa upasuaji pekee. Walishuka Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, wakiwa na begi moja, gunia dogo la viazi la kumpelekea mwenyeji, na makoti ambayo hawakuyavaa tena mpaka siku ya kurudi.

Mwenyeji alikuwa binamu wa mume, anayeishi Mbezi na mkewe na watoto wanne katika vyumba viwili. Hakuna aliyewatendea vibaya. Hata hivyo, wiki ya pili ilipofika nilimwona mgonjwa amekonda kuliko nilivyotarajia. Nilipouliza, jibu lilikuwa barabarani. Mgonjwa wa mionzi ya nyonga huelekezwa kunywa maji na kuingia kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa, ili utumbo usogezwe juu na kukwepa sehemu ya mionzi. Naye, kwa kuhofia kukosa choo ndani ya daladala na foleni ya Barabara ya Morogoro, aliamua kutokunywa maji kabisa mpaka afike, na kwa sababu hiyo alikuwa akifika amechelewa na kibofu kikiwa kitupu. Kuhara kulipoanza, jambo la kawaida kuanzia wiki ya pili au ya tatu, aliacha na kula. Mwili uliokuwa unapokea sisplatini, dawa inayohitaji figo zenye maji ya kutosha, ulikuwa unakaushwa na hofu ya safari.

Wakaanza kutafuta chumba. Hapo mji ulijionyesha ulivyo: madalali walitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na ya dalali juu yake. Nani alipe miezi 6 kwa ajili ya wiki 6? Msaada ulitoka kwenye benchi la kusubiria mionzi. Mgonjwa mwenzake, mama wa makamo kutoka Lindi, alikuwa amepanga Kigamboni kwa mjane mmoja anayepokea kodi ya mwezi kwa mwezi, na uani palikuwa na chumba kimoja kitupu. Kigamboni huonekana mbali kwa mgeni kwa sababu kuna maji katikati, lakini pantoni humshusha abiria Magogoni, na kutoka hapo Ocean Road si mbali. Mke, aliyekulia milimani na hajawahi kupanda chombo cha majini, alivuka siku ya kwanza akiwa amefumba macho na kumshika mumewe mkono. Kufikia wiki ya nne alikuwa anamwelekeza mgeni mwingine pa kusimama ili asipigwe na jua.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu sisi watoa huduma huwa tunawauliza wagonjwa kama wamekunywa maji, bila kuwauliza wanapita wapi. Chumba cha karibu na choo kilibadilisha hali yake kuliko dawa yoyote niliyomwandikia wiki ile.

Maisha ya chumba kimoja yana elimu yake. Mume, ambaye nyumbani hakuwahi kusonga ugali, sasa alikuwa mpishi. Tulimwomba aweke kando dona na maharage, vyakula alivyovizoea, kwa kuwa nyuzinyuzi na gesi huongeza kuhara, badala yake apike sembe laini, wali, viazi vilivyomenywa, na samaki wa Feri, na awe na pakiti za ORS ndani wakati wote. Alijifunza kugawana umeme wa LUKU na wapangaji wengine, na kununua maji kwa madumu. Alama za wino zilizochorwa kwenye ngozi ya mkewe, zinazoonyesha mahali pa kuelekeza mionzi, ziligeuka kuwa kazi ya kila jioni: aoge vipi kwa ndoo na kopo bila kuzifuta, avae khanga badala ya nguo za kubana, asisugue, asipake mafuta yenye manukato. Mwenye nyumba, kwa wema wake, alimletea dawa ya mitishamba ya tumbo, na duka la dawa la mtaani likamuuzia diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Vyote viwili tulivisitisha. Diklofenaki na dawa za jamii yake huweza kuumiza figo zinazopokea sisplatini, na juu ya mitishamba, hatuwezi kukadiria tusichokijua. Napendelea mgonjwa aniletee chupa niione kuliko anifiche.

Kisha wapangaji wenzao wakaanza kuondoa ndoo zao karibu na yake. Walisikia neno mionzi wakadhani inaambukiza. Mionzi ya nje haibaki mwilini, kama vile mwanga wa taa usivyobaki ukutani taa ikizimwa. Katika mionzi ya ndani inayotolewa kwa kiwango cha juu, chanzo cha mionzi huingizwa kwa dakika chache na kuondolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Anaweza kulala kitanda kimoja na mumewe, kumbeba mtoto, kupika chakula cha wengine. Mume aliwaeleza haya, hawakumwamini. Yule mama wa Lindi alipowaeleza, waliamini.

Lililokuwa zito zaidi halikutoka kwa majirani. Siku moja mume aliomba kubaki baada ya mkewe kutoka. "Daktari, naomba nikuulize jambo la aibu kidogo," alisema. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba saratani hii huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa siku tisa alikuwa akilala akitazama ukuta. Nilimwomba tumwite mkewe, naye akakubali. Kumbe mke alikuwa amesoma yale yale, akawa na swali lile lile juu yake.

Ni kweli kwamba karibu saratani zote za shingo ya kizazi hutokana na virusi vya HPV. Ni kweli pia kwamba watu wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati fulani, wengi wao kinga ya mwili huviondoa bila wao kujua, na kwa wachache virusi hubaki kimya kwa miaka mingi kabla ya kuleta saratani. Katika mwili wenye kinga nzuri safari hiyo mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20. Hakuna kipimo kinachoweza kusema nani alimpa nani, wala lini. Wapo wenzangu wanaopenda kuwapigia wanandoa hesabu ya miaka ili kuthibitisha kwamba hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Mimi siipendi hesabu hiyo. Humtoa mtu katika tuhuma za mwaka huu na kumwingiza katika tuhuma za ujana wake. Niliwaambia tu kwamba virusi hivi si ushahidi wa usaliti, na kwamba saratani yenyewe haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Walikaa kimya kwa muda mrefu. Mke ndiye aliyesema, "Basi twende, tutachelewa pantoni."

Fedha zilipopungua, mume alipata kibarua cha kupakua mizigo siku 3 kwa wiki, na siku hizo mkewe alivuka na mama wa Lindi. Mama mzazi wa mume alipiga simu kulalamika kwamba mwanawe amemwacha mgonjwa apelekwe na watu baki. Sioni kosa lake. Mume anayelipa kodi na kurudi jioni kupika amemuuguza mkewe sawasawa na yule anayeshinda naye kwenye benchi, na uuguzaji wa wiki 8 humaliza nguvu za mtu mmoja asipopokewa.

Wiki ya nne ulitokea msiba. Baba mkubwa wa mume alifariki, na ukoo ukawatarajia wote wawili. Kwa idhini ya mgonjwa nilizungumza kwa simu na mzee wa familia. Aliuliza kwa upole kama siku 4 tu zingedhuru. Nilimweleza kwamba siku 4 huwa 10 ukihesabu basi, maziko na kuaga, na kwamba ratiba tayari ina mapengo yake: sikukuu hupita, mashine huhitaji matengenezo, damu ikishuka dripu huahirishwa. Hospitali hujitahidi kufidia siku zilizopotea, kwa mfano kwa kuongeza siku ya Jumamosi, lakini fidia ina kikomo. Mzee akaamua: mwanamume aje azike, mkwe abaki kwenye dawa. Uamuzi ulipotoka kwake, hakuna aliyeunung'unikia.

Katika wiki ya saba mgonjwa alilalamikia joto. Alitoka jasho usiku hadi shuka kulowa, uso ukimwaka ghafla, kisha baridi. Wote wawili walilaumu Dar es Salaam, na mume akanunua feni. Lakini ovari zilizopitiwa na mionzi huacha kufanya kazi ndani ya majuma au miezi michache, na lile lilikuwa joto la ukomo wa hedhi likimkuta mwanamke wa miaka 31. Waliambiwa kabla ya tiba kwamba hatabeba mimba tena, na walitia saini. Walitamani watoto watatu. Nadhani siku ile ya feni ndipo walipolielewa jambo walilokuwa wamelitia saini, nami sikuharakisha kuzungumza. Baadaye tulijadili homoni mbadala, ambazo kwa aina yake ya saratani, ile ya chembe bapa, hazikatazwi, na ambazo katika umri wake husaidia mifupa na moyo. Kwa kuwa bado ana mfuko wa uzazi, anahitaji estrojeni pamoja na projesteroni, si estrojeni peke yake.

Tulijadili pia tendo la ndoa. Wakati wa tiba tuliwashauri wapumzike. Wiki chache baada ya kumaliza, uke huweza kukauka, kusinyaa na kushikamana, na kuzuia hilo kunahitaji kipanuzi cha uke, kilainishi, na mume asiye na haraka. Hofu ya mume kwamba atamuumiza mkewe huvunja unyumba mara nyingi kuliko maumivu yenyewe. Mazungumzo haya yafanyike kabla hawajapanda basi, wakiwa wawili, kwa maneno ya wazi, kwani wakishafika kijijini hatajitokeza wa kuwaeleza.

Kwa mwenzangu unayeandika rufaa kutoka wilayani: muulize mgonjwa atafikia kwa nani, choo kiko wapi, nani atapokea zamu ya kumuuguza, nani atamlea mtoto, na ukoo unajua ni wiki ngapi. Jibu likikosekana, andika hivyo kwenye barua ili ofisi ya ustawi wa jamii ianze kulishughulikia, ikiwemo nafasi ya hosteli, kabla wiki ya pili haijafika.

Wanandoa hawa walimaliza siku ya 53. Kwenye kliniki ya mwisho mume aliuliza kama mkewe anaweza kushika jembe. Nilimjibu kwamba uchovu utaendelea kwa miezi kadhaa, aanze na kazi nyepesi, na wasisubiri tarehe ya kliniki akitokwa damu, akivimba mguu mmoja au akishindwa kukojoa. Mke aliuliza kuhusu binti yao. Tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV dozi 1 hapa nchini. Akahesabu kwa vidole: bado miaka 4.