Uteuzi wa kiwanja cha jengo la kijani

Uteuzi wa kiwanja cha jengo la kijani ni hatua ya kwanza ya ujenzi unaolenga kupunguza madhara kwa mazingira. Jengo linaweza kutumia umeme wa jua na kuvuna maji ya mvua, lakini likisimama kwenye njia ya maji sifa hizo haziliokoi. Makala hii inahusu hali iliyo ngumu zaidi, yaani ardhi ya viwanda au migodi ya zamani iliyo karibu na uwanda wa mafuriko, hasa katika Mkoa wa Singida, Tanzania.

Kanuni zinazogongana

LEED ni mfumo wa kupima majengo ya kijani ulioanzishwa Marekani na kuenea katika nchi nyingi. Toleo lake la mwaka 2009 lilitoa alama kwa mradi unaotumia tena ardhi iliyochafuliwa, kwa sababu kufanya hivyo kunaokoa mashamba na misitu. Lilitoa pia alama kwa mradi unaoepuka ardhi isiyowahi kujengwa ambayo mwinuko wake haufikii futi 5 (takriban mita 1.5) juu ya kimo cha mafuriko ya miaka 100.

Sharti hilo la mwinuko halikugusa ardhi iliyokwisha kujengwa. Hivyo kiwanja cha kiwanda cha zamani kiliweza kupata alama hata kama kiko bondeni. Kwa sababu hiyo mjenzi hapaswi kutegemea alama peke yake.

Mafuriko ya miaka 100 si mafuriko yanayokuja mara moja tu kila karne. Ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote. Kwa jengo la kudumu miaka 50, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni karibu asilimia 40.

Mazingira ya Singida

Singida ni mkoa mkavu wenye msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukavu huo huwafanya watu wasahau mafuriko, kwani bonde linaweza kuonekana salama kwa miaka kadhaa.

Sehemu kubwa ya mkoa iko katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji wa Singida, ni ya chumvi na hayana mto unaotoka. Maji ya Ziwa Kitangiri hutoka kwa Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi. Katika mabonde ya namna hii maji ya mafuriko yanaweza kutuama kwa muda mrefu yakisubiri kukauka kwa jua. Uchafu unaosombwa kutoka viwanjani hubaki ziwani pia, kwa kuwa hauna njia ya kutokea.

Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi wa kawaida uliojengwa juu yake unaweza kupata nyufa hata pasipo mafuriko.

Ardhi iliyotumika zamani

Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, ni mgodi wa dhahabu ulioanza wakati wa Wajerumani, karibu na uwanda wa Wembere unaojaa maji wakati wa masika. Dhahabu yake ilitumika kutengeneza sarafu za Tabora mwaka 1916. Kwa ujumla, ardhi ya migodi ya dhahabu inaweza kuwa na mabaki ya zebaki au sianidi, na ile ya viwanda na karakana huwa na mafuta na madini mazito. Udongo wa namna hiyo usafishwe au ufunikwe kabla ya ujenzi, kwa kuwa mafuriko yakiufikia yatausambaza mashambani na visimani.

Sheria

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hata hivyo, umbali si mwinuko: kwenye tambarare, maji yanaweza kupita mita 60 kwa urahisi.

Hatua za uteuzi

1. Kuwauliza wazee na majirani maji yaliwahi kufika wapi, na kulinganisha majibu yao na ramani na picha za satelaiti za miaka ya mvua nyingi.
2. Kufuatilia historia ya kiwanja: nini kilitengenezwa na taka zilitupwa wapi.
3. Kupima udongo na maji ya ardhini.
4. Kujenga sehemu ya juu, na kuiacha ya chini iwe ya nyasi, miti na maji.
5. Kukiacha kiwanja ikiwa mafuriko hayaepukiki au gharama ya kukisafisha haibebeki.

Funzo la Msimbazi

Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Jangwani, Dar es Salaam, ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi. Tangu huduma ianze mwaka 2016, imefurika mara kadhaa na mabasi kuharibika. Mradi wa kuendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, umepanga kuihamisha. Ardhi ya bondeni ilipatikana kwa urahisi katikati ya jiji, lakini gharama yake imelipwa baadaye.