Kalamu Ninayo Mimi

Watu hudhani katekista haogopi. Mimi nilitoka Kanyabayonga kwa miguu, mate yamekauka kinywani kwa woga. Ilikuwa mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, ule ulio juu ya mteremko wa Kabasha, pale Lubero inapopakana na Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Barabara ya kwenda Kayna na Kirumba ilijaa watu: pikipiki zenye magodoro, wagonjwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Mke wangu alibeba kichwani sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva. Alikataa katakata kuyamwaga. Tulimalizia kuyapika njiani, kwenye moto wa watu tusiowajua, nao wakala pamoja nasi.

Tulipofika Butembo, familia moja yenye vyumba viwili ilituachia kimoja. Shirika la mtaa, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya majirani, likaleta unga wa mihogo, sabuni na kitenge cha kumbebea mtoto. Waliotoa hawakuwa na akiba. Wengine wao walikuwa wameshakimbia mauaji ya Beni, yaliyoanza Oktoba 2014 na kuendelea mwaka hadi mwaka. Mtu aliyewahi kulala nje haulizwi mara mbili.

Lakini nilikutana pia na mahubiri yaliyonichoma. Mhubiri mmoja alitangaza kwamba vita vimeletwa na dhambi zetu, na kwamba tukifunga na kutoa sadaka vitakwisha. Kufunga nafunga. Ila mtoto aliyekatwa kwa panga shambani alikuwa ametenda dhambi gani? Marafiki wa Ayubu nao walikuja na hotuba hiyohiyo, na Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Ayubu, aliyelia na kuhoji, ndiye aliyeambiwa kuwa amesema yaliyo sawa. Nikichoka huwa nasali kama Ayubu, na sioni aibu.

Kwa vijana wa katekisimu napenda kumsimulia Floribert Bwana Chui, kwa sababu hakuwa padri wala mzee. Alikuwa kijana wa Goma, mfuasi wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani, na mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Kulikuwa na shehena ya chakula kilichoharibika. Wenye mali walitaka kipite, wakamwekea pesa mezani. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma.

Msichana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, angezichukua zile pesa, si angekuwa hai?"

Nikamjibu ndiyo, huenda angekuwa hai. Sikutaka kumdanganya. Darasa likanyamaza, kisha kijana anayeuza mafuta ya pikipiki kwenye chupa akasema kwamba wale ambao wangekula chakula kile pia walikuwa na mama zao. Siku hiyo sikuongeza neno.

Karibu zaidi na sisi kuna padri Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, aliyeuawa Machi 2016 huko Vitungwe, nje ya Butembo. Alikuwa akikusanya habari na picha za wanavijiji waliouawa ili dunia isiseme haikuambiwa. Kwangu mimi hiyo ni sala kamili. Kinachonitisha kuliko bunduki ni kuzoea: kusikia redioni kwamba wamekufa watu kadhaa, kisha kuuliza bei ya sukari. Nimejiona nikifanya hivyo.

Kwa hiyo kwenye shirika letu tuna daftari la shule, lile la mistari. Kila tunapokutana tunasoma majina ya waliokufa, jina moja moja, na kijiji cha kila mmoja. Anayesoma akikwama kwa machozi, wa pili anapokea. Baadaye tunachangishana, hata kikombe cha maharagwe, kwa ajili ya waliofika wiki hiyo.

Majuzi alikuja mama mmoja kuuliza kama tungeweza kuandika jina la mumewe, aliyekuwa Mwislamu. Mzee wa shirika akasita, akasema suala hilo lifikishwe kwanza parokiani. Nikamwambia alifikishe tu. Kalamu ninayo mimi, na jina nimeshaliandika.